Fulana nyeupe: Kwa nini hugeuka njano, na kwa nini jiki si dawa ya kila doa

Fulana nyeupe inayogawiwa watumishi kwa ajili ya maandamano ya Mei Mosi huwa nyeupe pe siku hiyo. Ikifika Saba Saba, shingo yake imeshaanza kufifia. Ikifika Nane Nane, makwapa yamegeuka njano, kola ina mstari wa kijivu, na mara nyingi nguo hiyo imeshashushwa cheo na kuwa ya kulalia au ya kupigia deki. Muda wote huo ni miezi mitatu na siku chache. Hali ni hiyohiyo kwa fulana za michezo za wanafunzi na kwa mashati meupe ya sare za shule, ambayo mzazi hujikuta akinunua mengine kabla mwaka wa masomo haujafika nusu.

Kwa kaya nyingi gharama hiyo si ndogo. Serikali ilianza kutekeleza mpango wa elimu bila ada Januari 2016, lakini sare zimebaki kuwa jukumu la mzazi au mlezi. Shati linaloweza kuvaliwa mwaka mzima likiishia miezi mitano, fedha ya shati la pili hutoka kwenye bajeti ileile ya chakula na madaftari.

Wengi huamini kuwa nguo nyeupe huharibiwa na uchafu wa nje, yaani vumbi, matope na moshi. Ukweli ni kwamba fulana nyingi huharibiwa na vitu vinavyobaki ndani ya nyuzi baada ya kufuliwa, pamoja na dawa za kung'arisha zinazotumiwa mahali pasipo pake. Ipo pia hatari inayozidi kupoteza nguo, nayo hutokea pale mfuaji anapochanganya dawa mbili katika beseni moja kwa nia njema ya kuliondoa doa sugu.

Njano ya kwapani

Jasho lenyewe halina rangi. Njano inayoonekana kwapani na kwenye kola hutokana na mafuta na protini za mwili zinazotoka pamoja na jasho, zikikutana na madini ya alumini yaliyomo katika dawa nyingi za kuzuia jasho. Mchanganyiko huo hunata kwenye nyuzi, na sabuni ya kawaida ikiwa na maji ya baridi haiuondoi wote. Kiasi kinachobaki hakionekani kwa macho siku ya kwanza. Kinapokutana na hewa na joto hubadilika rangi taratibu, kama mafuta ya kupikia yaliyosahaulika kabatini. Ndiyo sababu fulana iliyokunjwa ikiwa safi na kuwekwa sandukuni inaweza kutolewa baada ya miezi miwili ikiwa na madoa ambayo hakuna aliyeyaona wakati wa kuikunja. Haikuchafukia sandukuni, iliingia humo na mafuta yake.

Aina ya kitambaa nayo ina nafasi yake. Pamba hupenda maji na huachia uchafu kwa urahisi zaidi. Poliesta hupenda mafuta na huyang'ang'ania. Fulana nyingi za bei nafuu ni mchanganyiko wa vyote viwili, na kola zake huongezewa nyuzi zinazovutika. Kitambulisho kidogo kilichoshonwa ndani ya shingo au ubavuni hueleza kiwango cha kila kimoja, pamoja na alama za joto la maji na za pasi. Wanaokikata kwa sababu kinawasha shingoni wanashauriwa angalau kukisoma kwanza.

Hapa ndipo kosa la kwanza hufanyika. Mfuaji akiona njano, hukimbilia jiki. Lakini jiki haiyeyushi mafuta. Aidha, kemikali yake huungana na mabaki ya protini za jasho na kuzidisha rangi ya njano, na ikikutana na nyuzi zinazovutika huzidhoofisha na kuzigeuza rangi. Fulana ikitoka njano zaidi ya ilivyoingia, mfuaji hudhani dawa haikutosha, na wiki inayofuata huongeza kipimo. Baada ya mizunguko michache ya namna hiyo kitambaa huanza kuchanika palepale penye doa.

Njia yenye manufaa huanza kabla ya kufua. Fulana igeuzwe nje ndani, ilowanishwe, kisha kwapa na kola zipakwe sabuni ya maji ya kuoshea vyombo au zisuguliwe taratibu kwa sabuni ya mche, na iachwe kwa nusu saa. Sabuni ya vyombo imetengenezwa kukata mafuta, na doa la kwapani ni mafuta kabla ya kuwa kitu kingine. Baada ya hapo iloweke katika maji ya moto ya kadiri yenye sabuni ya unga. Doa likiwa la zamani, iongezwe dawa ya kung'arisha inayofanya kazi kwa oksijeni badala ya klorini. Dawa hizo huuzwa kama unga wa kuondolea madoa, na pakiti yake huandikwa kuwa haina klorini. Pale ambapo haipatikani, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa katika maduka ya dawa inaweza kupakwa kwenye doa la nguo nyeupe kwa dakika 20 hadi 30 kabla ya kufua.

Dawa za oksijeni huhitaji joto na muda. Katika maji ya baridi hulala. Nyumba nyingi hazina mashine ya kupima joto, lakini hesabu yake ni rahisi. Kipimo kimoja cha maji yaliyochemka kikichanganywa na vipimo vitatu vya maji ya bomba hutoa maji ya nyuzi joto 40 na kidogo, yanayofaa fulana yenye poliesta. Kimoja kwa kimoja hutoa takriban nyuzi joto 60, zinazofaa pamba tupu. Maji yachanganywe kwanza, nguo ifuate. Doa la damu liachwe nje ya utaratibu huu: lianzwe kwa maji ya baridi na sabuni, kwa kuwa joto huligandisha.

Jambo moja la kukumbuka kabla ya kupiga pasi: doa ambalo halijatoka lisipigwe pasi. Joto la pasi hulipika, na kuanzia hapo kazi huwa ngumu mara dufu.

Maji ya kisima na udongo mwekundu

Watu wawili wanaweza kufua fulana za aina moja kwa sabuni ya aina moja, mmoja akapata nyeupe na mwingine kijivu. Mara nyingi tofauti yao iko kwenye maji.

Katika maeneo yanayotegemea visima, yakiwemo maeneo mengi ya Dodoma na Singida, pamoja na visima vinavyochimbwa katika miamba ya matumbawe ya Pwani na Zanzibar, maji huwa magumu, yaani yana madini ya kalisi na magnesi. Sabuni ya mche ikikutana na madini hayo haitoi povu kwa urahisi. Hutengeneza utando mzito unaoonekana ukielea juu ya beseni. Utando huo huishia kwenye nguo, na ndio hasa kijivu ambacho hakitoki kwa kusugua. Kadiri mfuaji anavyoongeza sabuni ya mche, ndivyo utando unavyoongezeka. Kwa maji ya namna hii sabuni ya unga ni chaguo bora, kwa kuwa sehemu kubwa ya aina zake zimetengenezwa kustahimili ugumu wa maji. Maji ya chokaa yakichemshwa na kuachwa yatulie hupungua ugumu, na msimu wa mvua maji yanayokingwa kwenye paa safi ni laini. Kaya yenye tangi la maji ya mvua ingefanya vyema kuyatenga kwa ajili ya nguo nyeupe.

Visima vingine vina chuma. Maji hayo hutoka yakiwa meupe kabisa, kisha hubadilika kuwa ya rangi ya kutu yakikaa. Kipimo chake hakihitaji maabara: chupa safi inayopenyeza mwanga ijazwe maji na kuachwa usiku kucha. Kukiwa na mashapo ya kahawia chini asubuhi, chuma kipo, na maji ya kufulia nguo nyeupe yachotwe juu baada ya kutulia. Katika maji hayo jiki haifai hata kidogo, kwa sababu huharakisha chuma kuwa kutu, na kutu hiyo hutua moja kwa moja kwenye fulana. Wako waliotupa nguo wakilaumu dawa bandia, kumbe tatizo lilikuwa kisimani.

Udongo mwekundu una tabia hiyohiyo. Wekundu wake unatokana na chuma kilichokwisha kuwa kutu, hivyo jiki haina cha kuufanya. Matope hayo yaachwe yakauke kwanza, yakung'utwe na kupigwa brashi, ndipo nguo ifuliwe kwa sabuni. Alama ya kutu inayobaki huondolewa kwa kitu kichachu: maji ya limau au ndimu yakikamuliwa juu ya doa, yakanyunyiziwa chumvi kidogo, na nguo ikaachwa juani kwa muda kabla ya kusuuzwa vizuri, doa hufifia au kutoka.

Hata hivyo, limau hilo lina sharti moja zito.

Beseni lenye dawa mbili

Jiki ni mmumunyo wa hipokloriti ya sodiamu, kwa kawaida asilimia chache tu, na sehemu iliyobaki ni maji. Ikikutana na kitu kichachu, kiwe limau, siki au dawa za kusafishia choo zenye asidi, hutoa gesi ya klorini. Hiyo ni gesi iliyotumiwa kama silaha Aprili 1915 huko Ypres, Ubelgiji, katika Vita Kuu ya Kwanza. Katika bafu dogo lisilo na dirisha, kiasi kinachotoka kwenye beseni moja kinatosha kuchoma macho, koo na mapafu, na hatari ni kubwa zaidi kwa watoto na kwa wenye pumu. Mfuaji aliyejaribu limau kwenye doa la kutu na kuona halijatoka, kisha akaongeza jiki juu yake bila kusuuza, ameshatengeneza gesi hiyo bila kukusudia.

Jiki ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine zenye madhara yanayofanana. Amonia imo katika baadhi ya sabuni za kusafishia vioo, na imo pia katika nguo na mashuka yaliyokojolewa na kukaa. Nguo za namna hiyo zisuuzwe kwa maji mengi kwanza, ndipo dawa nyingine yoyote ifuate. Vilevile jiki isichanganywe na haidrojeni peroksaidi wala na unga wa oksijeni. Kanuni inayotosheleza yote ni kutumia dawa moja kwa wakati mmoja, na kusuuza kabisa kabla ya kujaribu nyingine.

Ajali nyingine hutokana na chombo. Jiki hununuliwa kwa galoni na kugawanywa kwenye chupa za maji ya kunywa, kisha chupa hiyo huwekwa chini ya sinki au pembeni ya ndoo. Kwa macho ya mtoto mwenye kiu ni maji. Dawa ibaki katika chupa yake yenye lebo na kifuniko kinachofunga, iwekwe juu mahali ambapo mtoto hafiki, mbali na joto na jua, ambavyo pia huipunguzia nguvu. Kemikali za majumbani nchini husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani, na bidhaa zilizothibitishwa ubora hubeba alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Dawa inayopimwa mtaani kwenye chupa isiyo na maandishi haimwambii mnunuzi ina nguvu kiasi gani wala ilitengenezwa lini.

Ikitokea mtu amevuta gesi, atolewe nje mara moja kwenye hewa safi, na anayekohoa au kupumua kwa shida apelekwe kituo cha afya. Dawa ikiingia machoni, macho yaoshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15. Mtoto aliyekunywa asitapishwe, kwa kuwa dawa huunguza koo mara ya pili ikirudi. Asukutue mdomo na awahishwe kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe, ili mhudumu ajue alichokunywa.

Kazi halali ya jiki

Haya hayana maana kwamba jiki ni adui. Mwaka 1785 mkemia Mfaransa Claude Louis Berthollet alionesha kuwa klorini huondoa rangi kwenye nguo, na mwaka 1799 Charles Tennant wa Scotland alipata hataza ya unga wa kung'arishia. Kabla ya hapo vitambaa vilitandazwa majanini kwa wiki kadhaa vikisubiri jua. Jiki ni zao la ugunduzi huo na inastahili nafasi yake: kuondoa rangi ya chai, juisi na majani kwenye pamba tupu, kuua vijidudu, na kumaliza vidoa vyeusi vya ukungu vinavyoota kwenye nguo zilizokaa mbichi wakati wa masika.

Kinachotakiwa ni kiasi. Iyeyushwe kwanza ndani ya maji ya baridi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, ndipo fulana iingizwe, na ikae dakika chache zilizoelekezwa, si usiku kucha. Ikimiminwa moja kwa moja juu ya kitambaa hula nyuzi za pamba, na tundu hujitokeza wiki kadhaa baadaye, wakati mwenye nguo ameshasahau sababu. Fulana yenye maandishi au nembo ya rangi isiguswe kabisa.

Kusuuza mara tatu kwa maji yaleyale

Mabaki ya sabuni ni chanzo kingine kikubwa cha ukakamavu na rangi ya kijivu, na hapa kikwazo kinachotajwa mara nyingi ni uhaba wa maji. Hesabu inaonesha kuwa maji machache yakigawanywa hufanya kazi kubwa kuliko yakitumiwa kwa mkupuo. Tuseme fulana tano zilizokamuliwa zimebaki na lita moja ya maji ya sabuni, na ndoo ina lita 15 za maji safi. Zikisuuzwa mara moja kwa lita zote 15, sabuni inayobaki ni sehemu moja ya 16 ya ile ya mwanzo. Lita hizohizo zikigawanywa mara tatu, lita tano kila mara, na nguo zikakamuliwa vizuri katikati, inayobaki ni sehemu moja ya 216. Ndoo ni ileile. Kilichoongezeka ni kukamua. Maji ya mkupuo wa mwisho, ambayo huwa karibu safi, yanafaa kuloweka nguo za rangi zinazofuata.

Bluu ya kufulia huja baada ya hapo, kwa wanaoitumia. Haiondoi uchafu wowote. Huweka kivuli cha buluu ambacho hufuta njano machoni pa mtazamaji. Vitu vinavyong'aa ndani ya sabuni nyingi za unga navyo hufanya kazi inayokaribiana na hiyo, kwa kupokea mwanga wa jua usioonekana na kuurudisha ukiwa na ubuluu. Bluu iyeyushwe ndani ya maji mpaka isibaki chembe, la sivyo fulana itatoka na madoadoa ambayo ni kazi nyingine. Na isiwekwe juu ya nguo chafu, maana njano na buluu zikizidi hutoa rangi ya kijivu inayoelekea kijani.

Jua husaidia kung'arisha pamba iliyo safi na mbichi, lakini kwa nguo yenye mabaki ya sabuni au mafuta huyaunguza na kuyageuza njano. Fulana ianikwe ikiwa nje ndani, ining'inizwe kwa pindo la chini ili shingo isivutike, kwenye kamba iliyofutwa vumbi au waya usio na kutu, na ianuliwe mara inapokauka. Yenye maandishi ya mpira ipigwe pasi upande wa ndani. Ile inayowekwa kwa muda mrefu, kama ya Mei Mosi ya mwakani, ifuliwe na kusuuzwa upya hata kama ilivaliwa saa mbili tu, na ikunjwe ikiwa imekauka kabisa hadi kwenye mishono ya kwapa, ambako unyevu hukaa mwisho.